Nyuki Wako Hawajasahau Karafuu

Kaka Mashoto,

Shikamoo. Nimekaa kidogo nikisubiri marahaba yako, kama mjinga vile. Ulikuwa ukiitikia kwa kuvuta, "ma-ma-marahaba," nami nakumalizia neno kwa haraka zangu, halafu unanitazama kama mtu aliyenyang'anywa kijiko mdomoni. Leo sikumalizii. Vuta utakavyo.

Nakuandikia kwenye meza yako, hapa juu ya mawe Ilemela, dirisha likiwa wazi upande wa mzinga. Cherehani yangu nimeihamisha kutoka Igoma, iko pale ulipokuwa ukiegesha baiskeli. Wateja wamepungua. Mitumba imejaa kila kona, na mtu anaona heri avae shati la Mzungu mwenye kitambi kuliko langu nililompimia mwenyewe. Sare za shule ndizo zinazonishika. Binti yako Minza hajambo, meno mawili ya mbele yameng'oka na anapiga mluzi kupitia pengo kutwa nzima mpaka kichwa kinaniuma. Hizo ndizo salamu. Sasa nikuambie nilichomfanyia Baba Mdogo.

Usinikunjie uso. Najua wewe ulishamsamehe. Ulikuwa na tabia hiyo mbaya ya kuwasamehe watu ambao hawajaomba. Mimi sijasamehe, wala sijawahi kujifanya nimesamehe, na kama kulikuwa na chembe ya huruma iliyosalia kwangu, iliisha siku ya kukuzika.

Hukuona, kwa hiyo acha nikusimulie. Kifo chako simlaumu mtu, malaria ilipanda kichwani na malaria haina ukoo. Lakini walipomaliza kukuvalisha lile shati jeupe la mikono mirefu, Baba Mdogo aliingia chumbani akasema, "Subirini kwanza." Akauchukua mkono wako wa kushoto, akaulaza kifuani. Akauchukua wa kulia, akaulaza juu yake mpaka ule wa chini usionekane. Kisha akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akaifunga mikono yote miwili kwa fundo. "Aende kwa Mungu akiwa amenyooka," akasema. Chumba kizima kikanuka karafuu.

Nilikuwa na mkasi mkononi, kaka. Nilikuwa nimetoka kukata uzi wa vifungo vyako. Fundo lile ningelikata mara moja tu. Shangazi Kwandu akanishika kiwiko, ana mikono ya chuma yule bibi japo ndiye dada mkubwa wa marehemu baba, akaninong'oneza, "Si hapa, Limi. Si mbele ya maiti." Wakafunika jeneza. Umekwenda na kamba yake, wewe uliyehangaika maisha yako yote kuivua. Mpaka leo nikishika mkasi naliona lile fundo.

Nasema kamba kwa sababu mimi na wewe tunaijua. Baba alipofariki, akimfuata Mama, huyu mdogo wake ndiye aliyetuchukua, tukahamia kwake Kirumba. Wakati ule alikuwa karani wa pamba, bado hajawa tajiri wa sangara. Chakula cha kwanza tu ulichokula kwake, ulichota ugali kwa kushoto, naye akaacha kutafuna. "Huo ni mkono wa chooni," akasema. Kesho yake akaleta kamba ya katani, akaufunga mkono wako kiunoni. Ukawa unafungwa wakati wa kula, unafungwa wakati wa kuandika, unafunguliwa ukienda kuoga. Na wewe, mtoto mdogo unayependa kuuliza maswali, ukamwuliza kwa nia njema kabisa: "Baba Mdogo, mkono wa kulia ni wa kulia chakula au wa kulia machozi?" Akakujibu kwa kofi, na kofi lenyewe lilikuwa la mkono wa kulia, kwa hiyo jibu ukalipata.

Kabla ya kamba ulikuwa unaongea kama redio. Mama alikuwa akikuomba unyamaze walau wakati wa sala. Baada ya kamba maneno yakaanza kukwama, kwanza yale ya "ma", kisha ya "ka", mwisho hata jina lako Sayi ukawa unalivuta kama unatoa ndoo kisimani. Baba Mdogo akasema kigugumizi nacho ni cha ule ule upande mbaya, akakaza fundo. Na wageni wakikuuliza jambo, anajibu yeye: "Sayi anasema hivi. Sayi anataka vile." Alikufunga mkono, ulimi ukafungwa nao, halafu akajifanya yeye ndiye ulimi wako. Watoto wa mtaani wakakuita Mashoto kwa kukucheka. Wewe ukalichukua hilo jina ukalivaa, ukakataa kuitwa lingine, na huo ndio ukaidi pekee niliowahi kukuona nao.

Na ile harufu. Gego lake limeoza tangu enzi hizo na mpaka leo hajaling'oa, maana mwanamume huyu anayefunga watoto anaogopa koleo la daktari wa meno. Anatembea na kichupa cha mafuta ya karafuu. Analowesha pamba, anaisokomeza kwenye jino, matone mengine yanaishia kwenye masharubu. Kila akitaka kusema jambo zito, kwanza kichupa. Kwa watu wengine karafuu ni pilau. Kwangu mimi ni harufu ya mtu anayeinama kukufunga.

Sasa tuje kwa nyuki, ndugu yangu, maana bila wao ningekuwa bado nasaga meno tu.

Unakumbuka likizo ile uliyonitumia ujumbe Igoma kwamba niache kila kitu nije? Nilifikiri umeoa. Nikakukuta uani, mwalimu wa baiolojia mzima, umepiga magoti mbele ya kikopo cha nyuki kilichokalia vipande vya barafu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Nyuki walikuwa wamelegea kwa baridi. Ukawa unawachukua mmoja mmoja, unawatumbukiza kwenye mrija wa soda uliokatwa vipande, kichwa nje, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Nikakuuliza kama shule inajua wanakulipa kwa kazi gani.

Ukanionyesha. Unamnusisha nyuki limau, papo hapo unamgusisha maji ya sukari, anatoa ulimi, anaramba. Unarudia. Baada ya mara chache unamnusisha limau peke yake, sukari hakuna, naye anatoa ulimi vilevile, anadai chake. "Ame-amejifunza," ukasema, macho yamekutoka. "Huyu ana ubongo usiofika punje ya ulezi, na amejifunza." Nikakuambia kuna wanafunzi wako wenye vichwa kama maboga ambao hawajafika hapo. Ukacheka.

Halafu ukaniomba rangi yangu ya kucha. Ile nyekundu! Niliinunua kwa ajili ya harusi ya rafiki yangu, na wewe ukaimalizia kwenye vichwa vya wadudu. Nyuki ana vipapasio viwili, vile vinyweleo vya mbele anavyonusia. Ukawa unampaka mmoja rangi kwenye kipapasio cha kushoto, mwenzake cha kulia, ili upande huo usinuse kitu. Kisha unawapa wote somo lile lile la limau. Aliyezibwa kushoto alijifunza kana kwamba hukumfanya lolote. Aliyezibwa kulia alikuwa anakutazama tu, unamnusisha, unamlisha, unamnusisha tena, hakuna kitu, wachache tu ndio walijikongoja. Hukuamini. Ukarudia na nyuki wengine likizo nzima, ukala ugali uliopoa, mimi nimekaa pale nashika mirija na kulalamikia rangi yangu.

"Limi," ukasema mwishoni, "nyuki ana upande. Ana upande wa ku-kujifunzia."

Nami kwa mdomo wangu usio na breki nikasema, "Basi na wao ni wa kulia. Baba Mdogo atawaalika chakula."

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Halafu ukawa unajisugua kifundo cha mkono pale penye kovu la kamba. Ukasema bila kukwama hata mara moja, na ndiyo maana neno lile sitalisahau: "Si hoja ni upande gani. Ukimziba upande anaojifunzia hujamnyoosha. Umempumbaza." Nilitaka kukukumbatia, sikufanya hivyo, maana ulikuwa umeshika nyuki. Mara ukarudi kuwa mwalimu, ukanionya nisiende kutangaza sokoni kwamba hiyo ni sayansi, hawa ni nyuki wa jiwe moja tu la Ilemela na pengine wa jiwe la jirani wako vingine.

Siku hiyo hiyo nilikuambia, mbona unahangaika na limau, wafundishe karafuu tuone. Ukajua mara moja nafikiria nini. Ukatikisa kichwa. "Siwezi kuwafanyia nyuki hivyo," ukasema. Ulikuwa mtu mwema. Nakulilia kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo nakukasirikia.

Tulipotoka makaburini, watu wakalala hapa msibani, Baba Mdogo akiwa ndiye mwenye amri. Kesho yake mchana nilikwenda kuchota maji. Kurudi, namkuta Minza, mashoto kama wewe, amekaa mbele ya sahani peke yake, mkono wa kushoto umefungwa kiunoni kwa ukanda wa kanga. Kanga yenyewe yangu! Alikuwa analia bila sauti. Nikamfungua, nikamwuliza amekula. Mtoto yule, kaka, aliyekuwa akikuimbia nyimbo kutoka mlangoni hadi barabarani, akafungua mdomo akasema, "Sha-sha-shangazi."

Nikasikia wewe. Sikukaa chini wala sikulia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama karibu na mzinga, nikihesabu nyuki wanaoingia na kutoka.

Jioni akatangaza mbele ya waombolezaji kwamba siku ya arobaini ukoo utakaa, na yeye atamchukua Minza akaishi kwake Kirumba. "Huyu nitamnyoosha mapema," akasema. "Baba yake nilichelewa." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nani angebisha? Mama yake Minza alitangulia zamani, mtoto hana mwingine. Mimi ni mwanamke aliyemwacha mume, fundi wa sare, neno langu kwenye kikao ni jepesi kuliko pamba ya jino lake. Na unajua kwetu mambo yanavyokwenda. Baba Mdogo akishasimama akasema, msemaji mkuu anauliza, "Mwenye neno aseme," watu wananyamaza, kimya kinahesabiwa kuwa ni kukubali, chai inaletwa. Nikawaza usiku na mchana, nitamzuiaje mtu ambaye akifungua mdomo tu mambo yamekwisha. Jibu likaja lenyewe. Asifungue mdomo.

Nikachukua ile sahani yako ya bluu, nikaweka maji ya sukari, nikadondoshea tone la mafuta ya karafuu. Mafuta nilinunua Kirumba kwenye duka lile lile analonunulia yeye, nikamwambia muuzaji, "Nipe kama ya mzee wa sangara," nisije nikakosea hata kidogo. Enzi za foleni na sukari ya mgawo watu wangenifunga kwa kuwamwagia wadudu sukari. Siku hizi za ruksa, kila duka limejaa magunia, kila mtu anauza anachotaka na kufanya anachotaka, nikasema hata mimi nimeruhusiwa.

Sahani niliianzishia karibu na mzinga. Walipoizoea nikaisogeza mbele kidogo, kesho yake tena kidogo, nikilizunguka lile jiwe kubwa, hadi pale uani ambapo kiti cha wazee huwekwa chini ya turubai. Mwanzoni walipotea, wakawa wanazunguka pale sahani ilipokuwa jana, nami nikawatukana kwa Kisukuma. Lakini unawajua wanafunzi wako. Baada ya muda wakawa wanafika kabla ya sahani. Nikawapa mtihani: nikalowesha kitambaa kwa karafuu, sukari hakuna, nikakiweka kwenye kiti. Wakakipekua kila pindo. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, na hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu tukuzike.

Sikumpaka hata mmoja rangi, kama ungependa kujua. Niliwataka na akili zao zote.

Ikafika arobaini yako. Padri akasali, akaondoka. Asubuhi hiyo sikuwawekea nyuki sahani. Ukoo ukakaa chini ya turubai, Baba Mdogo amevaa suti ya hudhurungi, viatu vinameta, amekalia kiti kile kile. Minza alisimamishwa ubavuni mwake wa kushoto. Nilikuwa nimemfundisha mtoto somo moja tu: "Wakija, simama wima. Usipige, usikimbie. Nyuki aliye mbali na kwao anatafuta chakula, hatafuti ugomvi. Anauma akibanwa." Hayo maneno ni yako, niliyakariri.

Shangazi Kwandu ndiye aliyekuwa msemaji mkuu, kwa umri. Akasema, "Haya, mdogo wangu, sema." Baba Mdogo akasimama. Akakohoa. Akatoa kichupa.

Kaka, laiti ungeona. Pamba haijafika kwenye jino, nyuki wa kwanza akatua kwenye masharubu. Akampepea. Wakaja wawili, wakaja watano, halafu sikuhesabu tena, uso wa chini wote ukawa mweusi na unatembea. Hawakumuuma. Walikuwa wanamramba! Wanapita mdomoni, wanapita puani, kila mmoja anadai sukari yake kwa adabu kabisa, kama ulivyowafundisha. Akajaribu kusema, "Ndugu za—", mmoja akaingia, naye akambana, akaumwa ndani ya mdomo. Basi hapo ndipo akaufunga. Akachomoa leso kwa mkono wa kulia, akajiziba mdomo, na leso yenyewe ndiyo anayofutia mafuta ya karafuu kila siku, nadhani unaelewa kilichofuata. Watu walikuwa wameshakimbilia nyuma ya mawe, wengine wanasema "Yesu", wengine wanamwita babu. Mimi sikusogea. Minza hakusogea. Nyuki mmoja alitua begani kwake, akapumzika, akaruka.

Sasa sikiliza, maana hili silo nililolipanga, hili alijifanyia mwenyewe. Mkono wa kulia uko mdomoni. Mtoto yuko kushoto, na nyuki wanazidi. Akataka mtoto aondoke njiani ili yeye apate kukimbia. Akamshika Minza bega kwa mkono wa kushoto, akamsukuma kwangu. Mbele ya ukoo mzima, Baba Mdogo akanikabidhi mtoto kwa mkono wa kushoto.

Shangazi Kwandu akainuka kwenye kigoda chake. Yule bibi hakuwa amekimbia, alikuwa amejifunika kitenge mpaka machoni. "Mmeona?" akawaita waliokuwa nyuma ya mawe. "Mmeona wote? Ametoa kwa mkono wa kushoto. Kwetu kinachotolewa kwa kushoto ni cha kutupa, na aliyetupa haludi kuokota. Ni yeye mwenyewe aliyetufundisha, ama sivyo?" Akamgeukia. "Mdogo wangu, una neno? Kama una neno, sema."

Akamsubiri, kaka. Alimsubiri kwa heshima zote. Baba Mdogo macho yamemtoka, leso mdomoni, nyuki wamejaa kwenye leso, anajua akifungua tu wanaingia. Akatoa sauti kwa pua: "Mmh! Mmmh!"

"Amesema ndiyo," akasema Shangazi. "Mwenye neno mwingine aseme." Nyuma ya mawe kimya. "Basi mtoto ni wa Limi. Leteni chai, kama kuna wa kuileta."

Aliondoka akikimbia kuteremka mawe, suti na viatu vyake, hadi kwenye gari lake la barafu. Mdomo ulivimba. Nasikia siku zile hakuweza hata kupanga bei ya samaki, ikabidi kijana wake awe anamsemea: "Mzee anasema hivi. Mzee anataka vile." Niliposikia hilo nilimwomba aliyenisimulia arudie, nikampa na chai, akarudia tena.

Sasa anasema Mwaloni kote kwamba wewe ndiye uliyewatuma nyuki, kwamba marehemu hana raha. Sijamkanusha. Shangazi Kwandu siku ile, watu walipotawanyika, alinisogelea akainusa sahani ya bluu. "Kalafuu," akasema. Akaniangalia sana. Kisha akaichukua akaisuuza mwenyewe, akaipanga kabatini, wala hatujalizungumza tena.

Utaniuliza kama najuta. Yule nyuki mmoja aliyeuma alikufa, kama wanavyokufa wakiuma. Nilimkuta kwenye vumbi chini ya kiti, nikamzika kwenye kopo la maua. Huyo ndiye pekee ninayemsikitikia.

Lakini sikudanganyi kwamba moyo umetulia. Nilifikiri ungetulia. Nilifikiri nikimwona amezibwa kama alivyokuziba, lile fundo la kitambaa cheupe litafunguka huko uliko. Halijafunguka. Uko chini ya udongo, mkono wako wa kushoto uko chini ya ule mwingine, na hakuna nyuki wa kufika huko. Kwa hiyo sijamaliza naye, naye asijidanganye.

Minza ataanza darasa la kwanza mwakani. Jana alikaa kwenye meza hii akashika penseli kwa kushoto, ulimi nje kama wale nyuki wako kwenye mirija, akaandika jina lake. Herufi zimelala ubavu. Akaniita nije kuona, akaita "Shangazi" moja tu, nzima, haikukatika. Nikaingia jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Ule ukanda wa kanga aliofungiwa nimeukata vipande, nimefungia mfuniko wa mzinga usiruke na upepo wa ziwani. Mwalimu mkuu wa shule atakayokwenda nimeshamtembelea, nikamwambia kwa upole kwamba mtoto huyu anaandika kwa kushoto na kwamba mimi nafuga nyuki. Alinielewa.

Lala, Mashoto. Hilo jina ndilo nitakaloliandika kwenye msalaba tukipata wa saruji, atake asitake. Ahadi yangu ni hii: maadamu jino lake linauma na anapaka karafuu, darasa lako halitafungwa. Uliniambia nyuki asipopewa sukari husahau. Hawa hawatasahau, na akikanyaga hapa kumgusa mtoto, au nikisikia amemfunga mtoto mwingine yeyote huko Kirumba, nitauhamishia mzinga huo huko huko kwake.

Marahaba yako nitaipokea siku tukionana. Uivute utakavyo.

Kesho asubuhi nakwenda dukani. Sukari imebaki kidogo.

Mdogo wako,
Limi